Zimwi na Tarehe Yake: Kusoma Viumbe wa Ajabu wa Ufilipino kama Hati za Historia

Utangulizi

Wapo wasomi ambao mada huwateua badala ya wao kuiteua. Maximo D. Ramos, aliyezaliwa mwaka 1910, alikuwa mmoja wao. Alipata shahada, akafundisha, akahariri vitabu vya shule, lakini kila aliposhika kalamu kwa hiari yake mwenyewe alirejea kwa wale wale: mazimwi, majitu ya mitini, wanyonya damu na watu wa chini ya maji ambao masimulizi ya visiwa vya Ufilipino yamejaa habari zao. Mwaka 1971 vilitoka vitabu vyake viwili, Creatures of Philippine Lower Mythology na The Aswang Syncrasy in Philippine Folklore, ambavyo hadi leo hakuna mtafiti wa uwanja huu anayeweza kuvikwepa. Kwa Ramos, viumbe hawa hawakuwa mada ya msimu mmoja wa utafiti. Walikuwa kazi ya maisha.

Mapenzi ya namna hii yanastahili kuheshimiwa, lakini pia yanastahili kuhojiwa. Mtu akivutiwa na mazimwi tangu utotoni hadi uzeeni, ni kitu gani hasa kinachomvuta? Jibu linalotolewa mara nyingi ni ukale: kwamba viumbe hawa ni mabaki ya ulimwengu uliokuwapo kabla ya misalaba na bendera za kigeni, na kwamba anayewakusanya anaokoa kilichosalia. Makala haya yanakusudia kulipinga jibu hilo. Tunadai kwamba viumbe wa ajabu wa Ufilipino si mabaki ya wakati usio na tarehe. Kila mara mamlaka juu ya visiwa hivyo yalipobadilika, mazimwi nayo yalibadilika jina, mwili au kazi. Kwa hiyo zimwi ni hati, na kama hati nyingine yoyote, linapaswa kuulizwa: limeandikwa lini, limeandikwa na nani, na kwa faida ya nani?

Tutaanza kwa kuwatazama wakusanyaji wawili, kisha tutachunguza mifano minne: orodha ya mwaka 1589, mabadiliko ya patianak, asili ya kapre, na aswang aliyeingizwa vitani katika miaka ya 1950. Mfano wa kapre tutaushughulikia kwa kirefu zaidi, kwa kuwa jina lake lilianza safari yake katika bahari yetu wenyewe.

Wakusanyaji wawili

Ufilipino ilitawaliwa na Uhispania kuanzia mwaka 1565 hadi 1898. Katika miongo ya mwisho ya utawala huo, mwaka 1884, mhariri wa gazeti mmoja mjini Manila, José Felipe del Pan, aliwaomba wasomaji wake wachangie elimu mpya iliyokuwa imeanza kuvuma barani Ulaya, yaani ukusanyaji wa masimulizi, imani na desturi za watu wa kawaida. Miongoni mwa walioitikia alikuwamo kijana wa miaka ishirini hivi kutoka mji wa Vigan, Isabelo de los Reyes. Kazi yake ilionyeshwa Madrid mwaka 1887 na kutuzwa, kisha ikachapishwa Manila kwa jina El Folk-Lore Filipino, juzuu ya kwanza mwaka 1889 na ya pili mwaka 1890.

Mambo matatu katika kazi hiyo yanahusu hoja yetu. Kwanza, de los Reyes alijitambulisha humo kuwa ndugu wa watu wa misituni na milimani, yaani Waaeta, Waigorot na Watinguian, wakati ambapo wasomi wengi wa tabaka lake waliona haya kuhusishwa nao. Pili, hakuridhika kueleza imani za Wailokano peke yake. Aliziweka kando ya imani za wakulima wa Uhispania, akaonyesha kwamba yale yaliyodhihakiwa kuwa ujinga wa watawaliwa yalipatikana pia katika vijiji vya watawala. Tatu, aliingiza humo tungo za mamake, mshairi Leona Florentino. Kwa hiyo pale anapoeleza habari za mangmangkik, mizimu ya miti ambayo Mwilokano hana budi kuiimbia na kuiomba radhi kabla ya kukata gogo, haelezi kitu cha makumbusho. Anaeleza adabu ya watu walio hai, na anamweleza mtawala kwa lugha ya mtawala mwenyewe. Si ajabu kwamba mwandishi huyo huyo baadaye alifungwa gerezani Barcelona, na mwaka 1902 akawa mmoja wa waasisi wa chama cha wafanyakazi na vilevile wa kanisa lililojitenga na Roma.

Ramos alikuwa mtu wa wakati mwingine. Aliandika baada ya utawala wa Marekani (1898–1946), kwa Kiingereza, na kwa mbinu za chuo kikuu. Mchango wake mkubwa ni uainishaji. Aliona kwamba neno aswang, linaloogopwa karibu kote katika nyanda za chini za Ufilipino, halitaji kiumbe mmoja bali limekusanya aina tano: mnyonya damu, mnyonya matumbo ambaye mwili wake hujigawa, mtu ageukaye mbwa na kula watu, mchawi mwenye kisasi, na mla maiti. Uchanganuzi huu uliondoa vurugu kubwa. Kabla yake, watafiti wawili wangeweza kubishana juu ya aswang bila ya kutambua kwamba kila mmoja anazungumzia kiumbe tofauti.

Hata hivyo, uainishaji huo una gharama yake. Masanduku matano ya Ramos yalichongwa Ulaya. Majina aliyoyatumia kwa Kiingereza yalikuwa na historia ndefu ya makaburi ya Ulaya ya Mashariki na mashtaka ya uchawi ya Ulaya ya Magharibi kabla ya kuletwa Manila. Zaidi ya hayo, kuainisha kwa umbo ni kuvitandaza vitu vyote juu ya meza moja, kana kwamba vyote vilizaliwa siku moja. Simulizi la karne ya kumi na sita hulala ubavuni mwa simulizi la mwanafunzi wa miaka ya 1960, na tofauti ya miaka mia nne baina yao hutoweka. De los Reyes alijua kwamba anaandika ndani ya mgogoro. Ramos alipanga rafu. Sisi tunawahitaji wote wawili, lakini inatubidi kuzirudisha tarehe juu ya rafu hizo.

Orodha ya mwaka 1589

Hati ya mapema na yenye maelezo mengi kuhusu viumbe hawa iliandikwa na Juan de Plasencia, mtawa wa shirika la Wafransisko aliyefika Ufilipino mwaka 1578. Mnamo Oktoba 1589, akiwa Nagcarlan, alikamilisha taarifa kuhusu desturi za Watagalog. Katika sehemu inayohusu dini anaorodhesha aina kumi na mbili za watu. Wa kwanza ni catalonan, yaani kuhani, mume au mke, ambaye kwa kukiri kwake Plasencia mwenyewe alikuwa na cheo cha heshima miongoni mwa watu wake. Wanafuata waganga, walozi, wauguzi wa mapenzi na watabiri. Katikati yao wametiwa silagan, ambaye hung'oa ini la mtu na kulila. Magtatanggal, ambaye huonekana usiku bila kichwa wala matumbo. Na osuang, arukaye angani na kula nyama ya watu. Wa kumi na mbili ni bayoguin, mwanamume mwenye mwelekeo wa kike.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kichwa cha orodha hiyo. Plasencia hakuiita orodha ya mazimwi. Aliiita orodha ya makuhani wa shetani. Kuhani anayeheshimiwa na kiumbe alaye maini wamewekwa katika daraja moja, chini ya bwana mmoja. Kwa tendo hilo dogo la uandishi, mpaka baina ya mwenye kuponya na mwenye kuua ulifutwa. Si jambo la kubahatisha kwamba wengi wa makuhani wa jadi, waitwao babaylan katika visiwa vya Visaya, walikuwa wanawake, na kwamba aswang wa nyakati za baadaye husimuliwa zaidi kuwa ni mwanamke. Herminia Meñez, katika Explorations in Philippine Folklore (1996), ameuhusisha mnyonya matumbo na siasa ya jinsia; naye Carolyn Brewer, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2004, ameonyesha jinsi wamishenari walivyowageuza makuhani wa kike kuwa vibaraka wa ibilisi. Kiumbe anayetembelea nyumba ya mja mzito usiku na kushusha ulimi mwembamba kama uzi kupitia paa anasimama mahali pale pale alipokuwa akisimama mkunga na kuhani, ila kazi yake imepinduliwa.

Jambo la pili ni jiografia. Plasencia anasema kwamba osuang walipatikana Visaya, na kwamba hawakuwapo kwa Watagalog. Silagan na magtatanggal anawaweka katika kisiwa cha Catanduanes. Tukikumbuka kwamba aliyaandika haya akiishi miongoni mwa Watagalog, tunaona kwamba zimwi daima ni la jirani. Desturi hii haijafa: hata leo mkoa wa Capiz, katika kisiwa cha Panay, unabebeshwa sifa ya kuwa makao ya aswang, na wanaoueneza uvumi huo zaidi si watu wa Capiz.

Jambo la tatu ndilo linalofichua mengi kuliko yote. Plasencia anapomweleza magtatanggal anasema kwamba kwake yeye habari hiyo ni hadithi tu, ingawa wenyeji wanathibitisha kuwa wamemwona. Lakini kuhusu silagan anaonya kwamba mtu yeyote asidhani ni hadithi, kwa sababu karani mmoja wa sheria, Mhispania, alitolewa matumbo yake yote kwa njia hiyo, na padri aliyemzika anatajwa kwa jina. Kigezo cha ukweli hapa ni nini? Si ushahidi wa macho, kwani wenyeji nao walidai kuona. Kigezo ni taifa la maiti. Jambo likimpata mwenyeji, ni hurafa. Likimpata Mhispania, ni historia. Mhakiki anayetaka kujua namna ukoloni ulivyogawa haki ya kuaminiwa hahitaji kwenda mbali zaidi ya vifungu hivi viwili vinavyofuatana katika orodha moja.

Kutoka patianak hadi tiyanak

Mwishoni mwa maelezo yake Plasencia anataja imani nyingine. Mwanamke akifa wakati wa kujifungua, yeye na mtoto wake hupata adhabu, na usiku husikika akilia. Hali hiyo huitwa patianak. Katika masimulizi ya karne ya ishirini tunamkuta tiyanak, ambaye jina lake ni la ukoo ule ule. Huyu ni kitoto kichanga kinacholia msituni. Msafiri akikiokota kwa huruma, hugeuka zimwi na kumshambulia. Asili yake, kama inavyosimuliwa mara nyingi, ni roho ya mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa.

Tazama kilichotokea. Mama ametoka katika simulizi. Katika umbo la 1589 msiba ni wa uzazi: mwanamke na mwanawe wameangamia pamoja, na kilio kinachosikika ni cha mama. Katika umbo la baadaye msiba ni wa sakramenti: kilichokosekana si uhai bali maji ya ubatizo, na anayelia ni mtoto peke yake. Hofu ya kila nyumba katika visiwa ambavyo kujifungua kulikuwa hatari imehamishwa ikawa hofu ya kuchelewa kumwita padri. Yeyote atakayemwita tiyanak kuwa ni imani ya kale iliyodumu chini ya Ukristo atakuwa amesema nusu ya ukweli. Jina lilidumu. Maana yake iliandikwa upya, na mwandishi wa maana hiyo mpya alikuwa Kanisa.

Tikbalang naye ana funzo la kufanana na hilo. Plasencia anamtaja kwa jina tu, kama kivuli au kizuka, bila ya kusema lolote kuhusu kichwa cha farasi. Leo kila mtoto wa Ufilipino anamjua tikbalang kuwa ni kiumbe mrefu mwenye kichwa na kwato za farasi, apotezaye wasafiri njiani. Farasi walizoeleka Luzon katika enzi ya Wahispania, wakiwa wanyama wa wakubwa. Hatuwezi kutaja siku ambayo kizuka kilipata kichwa hicho, lakini hati ya 1589 inatuzuia kudai kwamba kichwa hicho ni cha tangu jadi.

Kapre: jina lililovuka bahari

Miongoni mwa viumbe wote wa Ufilipino, hakuna anayepaswa kumshughulisha msomaji wa Kiswahili zaidi ya kapre. Kapre ni jitu jeusi, lenye nywele mwilini, likaalo juu ya mti mkubwa, hasa balete, ambao ni wa jamii ya mkuyu. Huvuta tumbaku usiku kucha, na mpita njia huona kaa la moto likimemeteka juu ya matawi. Huwazungusha wasafiri njia ile ile hadi wachoke. Wakati mwingine humpenda mwanamke wa kijijini na kumfuata maisha yake yote.

Jina hili limetokana na neno la Kihispania cafre, ambalo Wahispania walilipata kwa Wareno, nao Wareno walilipata kwa Waislamu wa Bahari ya Hindi. Chimbuko lake ni Kiarabu, kafir, yaani asiyeamini, neno ambalo Kiswahili kinalo kwa umbo la kafiri. Fonolojia inatusaidia kuifuata njia hiyo. Kitagalog hakikuwa na sauti ya f, na maneno ya Kihispania yenye sauti hiyo yaligeuzwa: fiesta ikawa pista, na café ikawa kape. Vivyo hivyo cafre ikawa kapre. Lau neno hilo lingalipokewa moja kwa moja kutoka Kiarabu au Kimalei, tungalitarajia irabu kati ya konsonanti zake mbili za mwisho, kama ilivyo katika kafir. Kukosekana kwa irabu hiyo ni muhuri wa forodha: neno lilipitia mikononi mwa Wareno na Wahispania.

Basi lilisafirije? Wareno walipofika katika pwani ya Afrika ya Mashariki waliwakuta Waislamu wa miji ya pwani wakiwaita watu wa bara wasiokuwa Waislamu kwa jina hilo. Wareno walilichukua, wakaliondolea maana ya imani na kulitwika maana ya rangi na utumwa. Katika maandishi yao, kama vile Ethiopia Oriental ya padri João dos Santos iliyochapishwa mwaka 1609, cafre ni Mwafrika mweusi wa eneo la Msumbiji na jirani zake. Kati ya mwaka 1580 na 1640 mataji ya Ureno na Uhispania yalikuwa juu ya kichwa kimoja, na wafanyabiashara wa Kireno waliingiza watumwa Manila kutoka bandari zao za Asia. Antonio de Morga, afisa mkubwa wa serikali ya Manila, katika kitabu chake kilichochapishwa Mexico mwaka 1609, anapoorodhesha bidhaa zilizoletwa na merikebu za Wareno anawataja watumwa weusi na cafres, katika sentensi ile ile ya viungo na nguo. Baadhi yao walivushwa tena kwa merikebu za Acapulco hadi Mexico. Wengine walibaki Manila.

Wale waliobaki hawana kaburi linalojulikana wala masimulizi yao wenyewe yaliyohifadhiwa. Kilichobaki ni jina lao, na jina hilo liko juu ya mti. Mtu aliyetekwa katika bara la Afrika ya Mashariki, akauzwa, akapitishwa Goa au Malaka, akafikishwa katika mji ambamo alikuwa mgeni kwa wenyeji na kwa watawala pia, amekumbukwa kama jitu linaloogofya watoto. Hata tumbaku yake ina tarehe. Mmea huo ulitoka Marekani kwa merikebu za Wahispania, na kuanzia mwaka 1782 hadi 1882 serikali ya kikoloni ilihodhi kilimo na biashara yake, ikiwalazimisha wakulima wa sehemu za Luzon kuilima. Kapre, anayevuta tumbaku bila ya ruhusa ya mtu na bila ya kulima shamba la yeyote, amekaa katikati ya historia hiyo yote.

Hapa hatuna budi kujibu pingamizi lenye uzito. Katika Visaya na Bikol jitu jeusi la mtini huitwa agta, na agta ni jina pia la wenyeji wa kale wa visiwa hivyo, watu wafupi wenye ngozi nyeusi na nywele za kipilipili, waliosukumwa milimani na walowezi wa nyanda za chini. Je, si inawezekana kwamba jitu lilikuwapo kabla ya watumwa wa Kiafrika, na kwamba jina la cafre lilipachikwa tu juu ya mwili wa zamani? Inawezekana sana, nasi hatudai kwamba Mwafrika ndiye aliyezaa simulizi zima. Lakini pingamizi hili linaimarisha dai letu badala ya kulidhoofisha. Kama ni kweli, basi weusi wa aina mbili, wa mwenyeji aliyenyang'anywa ardhi na wa mgeni aliyenyang'anywa nafsi, umeunganishwa katika mwili mmoja, na kila eneo limechagua ni kwa jina la nani litamwita. Kwa vyovyote vile, mwenye kuogopwa ni yule aliyedhulumiwa.

Pia haitoshi kusema kwamba simulizi la kapre ni chuki tupu. Wasimulizi wamempa ucheshi, uaminifu katika mapenzi na uhuru wa kukaa atakako. Mtumwa aliyeorodheshwa na Morga hakuwa na hata kimoja kati ya hivi. Fasihi simulizi haikumwokoa, lakini ilimpa kitu ambacho orodha ya bidhaa haingeweza kumpa, nacho ni hulka.

Aswang vitani

Mfano wetu wa mwisho ni wa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Ufilipino, ikisaidiwa na Marekani, ilikuwa ikipigana na Wahuk, wapiganaji wa wakulima ambao jeshi lao lilianzishwa mwaka 1942 dhidi ya Wajapani. Edward Lansdale, afisa wa Marekani na mshauri wa Ramon Magsaysay, anasimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1972 jinsi kikosi cha vita vya kisaikolojia kilivyoutumia uvumi wa aswang. Kwanza walieneza habari kwamba aswang anaishi katika kilima walimojificha Wahuk. Kisha walivizia doria, wakamnyakua mtu wa mwisho, wakamtoboa matundu mawili shingoni, wakamning'iniza miguu juu hadi damu ikamwishia, na kumrudisha njiani. Kwa mujibu wa Lansdale, Wahuk walihama kilima hicho. Ushahidi tulio nao ni wake yeye, na hatuna budi kuusoma kama masimulizi ya mtu anayejisifia mbinu zake.

Mhakiki wa fasihi ana la kuongeza ambalo mwanahistoria wa kijeshi huenda asilione. Matundu mawili shingoni si alama ya aswang. Aswang mnyonya matumbo hutumia ulimi mrefu, naye humlenga mja mzito aliyelala, si askari aliye njiani. Alama ya meno mawili shingoni ni ya Dracula: ni ya riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 na ya sinema zilizoifuata. Afisa wa kigeni alidhani anatumia imani ya wenyeji, kumbe alikuwa akiandika hadithi ya nchi za Magharibi juu ya mwili wa mkulima wa Kifilipino. Iwapo walioikuta maiti hiyo waliitafsiri kuwa kazi ya aswang, basi tangu usiku huo aswang alikuwa amebadilika tena.

Wasomaji wetu watakumbuka mumiani, na uvumi wa wanyonya damu uliozagaa Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni, ambao Luise White aliuchunguza katika Speaking with Vampires (2000). Tofauti inafundisha. Uvumi wa mumiani ulitoka kwa watawaliwa, ukawashuku wazimamoto, waganga wa serikali na waajiriwa wengine wa dola. Uvumi wa aswang wa Lansdale ulitoka kwa dola, ukaelekezwa kwa watawaliwa. Zimwi lile lile la kunyonya damu laweza kuwa hukumu ya wanyonge juu ya wenye nguvu, au silaha ya wenye nguvu juu ya wanyonge. Umbo halituambii ni lipi kati ya hayo mawili. Tarehe na mwelekeo wa usemaji ndivyo vinavyotuambia.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba viumbe wa ajabu wa Ufilipino wana historia, na kwamba historia hiyo inasomeka katika mabadiliko ya majina, miili na kazi zao. Magtatanggal wa 1589 aliyetokea bila kichwa wala matumbo si manananggal wa leo anayekatika kiunoni na kuruka kwa mbawa; patianak si tiyanak; kapre amebeba jina la mtumwa; na aswang wa kilimani alikuwa na meno ya kuazima. Lipo onyo la kuzingatia. Si kila zimwi ni fumbo la kisiasa, na mhakiki atakayemgeuza kila kiumbe kuwa istiari ya ukoloni atakuwa amewanyima wasimulizi haki yao ya kutisha na kuchekesha kwa ajili ya kutisha na kuchekesha. Tunachokitaka ni kwamba pale hati zipo, zisomwe. Na pale hazipo, ukale usidaiwe bure.

Viumbe hawa hawajastaafu. Trese, hadithi za picha za Budjette Tan na Kajo Baldisimo zilizoanza mwaka 2005 na kufanywa filamu za katuni mwaka 2021, zinawaweka katika vichochoro vya Manila ya leo, wakijihusisha na uhalifu na siasa. Ndiyo kusema kwamba wanaendelea kupewa tarehe mpya.

Kwa wanafunzi wetu, kazi iliyosalia ni mbili. Ya kwanza ni kuirudia mikusanyo ya mazimwi na majini ya pwani na bara yetu na kuuliza kila umbo liliandikwa lini na kwa mkono wa nani, kabla ya kuliita la jadi. Ya pili ni kuzifuata nyayo za neno kafiri hadi lilikofika. Wahenga walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kapre anatujua. Jina alilopewa lilipakiwa merikebuni katika pwani hii, na hao waliopakiwa pamoja nalo bado hatujawahesabu.